Chemsha tu bibi

Jamani tangu Jumanne kuna kitu kimenikaa kooni. Tulienda Bahi kuchukua maji ya visima, ile kazi ya uraniamu niliyowaandikia mwezi uliopita, na kisima cha mwisho ni kwa bibi mmoja, kanikalisha kwenye kigoda kanipa chai yenye ile chumvi ya maji ya kule, huku ananiangalia navyodondoshea asidi ya naitriki kwenye vichupa. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia vitu kama arseniki na uraniamu, havionekani wala havina ladha. Kanyamaza weee, kisha, "Kwa hiyo mjukuu wangu niyachemshe?" Na mimi huyooo, "Eeh, chemsha tu bibi."

Chemsha tu bibi! Arseniki sio kidudu useme itakufa kwa moto, maji yanapungua kwa mvuke yenyewe imebaki palepale, tena imekolea. Nalijua hilo toka chuo. Mdomo tu ulikimbilia, si toka tunazaliwa maji ni kuchemsha. Na alivyoridhika sasa, akamwita mtoto alete kuni.

Wiki yenyewe imejaa, mkataba umeongezwa mwaka na dada katolewa mahari, ila nikilala naisikia ile "eeh" yangu.

Jana mashine yetu, ile inayotambua vitu kwa uzito wa atomu zake, ikasoma arseniki ya kisima cha bibi: 13. WHO wanataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Tumbo likanikata. Halafu nikaikumbuka ile chai. Chumvi! Klorini ya kwenye chumvi, uzito 35, ikishikana na agoni ya 40, gesi ya mashine yenyewe, mle kwenye plazma, ile gesi ya moto mkali, unapata 75, uzito uleule wa arseniki, mashine itajuaje? Nikazimua maji, nikafungulia gesi ya heliamu, zile molekuli nene za klorini na agoni zigongane nayo zichoke njiani arseniki ipite. Nimerudia mara tatu, haifiki 2. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Uraniamu yake naipima Jumatatu, hiyo iko kule 238, haina chumvi ya kusingizia. Nikipata nitampigia mjumbe ampe bibi simu, ila sijui naanzaje, maana kuchemsha kwenyewe aendelee tu, vijidudu si vipo? Sasa nakanusha nini?

Na fundi wa paa hapokei simu tangu Jumapili, mawingu ya leo siyapendi kabisa.