Kwa Miguu Kutoka Ngata Hadi Njoro, Kupitia Kasri la Egerton

Watu wengi wa Nakuru wanalijua Kasri la Egerton kwa safari ya gari. Hufika Jumamosi wakiwa wamevaa sare za harusi, hupiga picha kwenye nyasi, hula pilau na kurejea mjini kabla ya giza. Mimi pia nililijua hivyo kwa miaka mingi, hadi Januari hii niliposhikana mkono na shangazi yangu, mwenyeji wa Ngata, ambaye tangu ujana wake amekuwa akikata mashamba kwa miguu kwenda sokoni Njoro na hajawahi kuona sababu ya kulipa nauli ya kuzunguka.

Tulianza saa moja asubuhi, Menengai ikiwa nyuma yetu na Mau mbele. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mabua yamesimamishwa mafungu mafungu kwa ajili ya ng'ombe, na vumbi la eneo hili, ambalo ni jepesi na la rangi ya jivu, lilikuwa limefika vifundoni kabla hatujamaliza robo saa. Nilikuwa nimevaa raba mpya. Shangazi alikuwa na gambuti, na hakusema neno.

Yeye hapimi safari kwa kilomita bali kwa mistari ya miti. Misaiprasi mirefu iliyopandwa kukinga upepo ingali imesimama hapa na pale katikati ya mashamba madogo ya viazi na maharagwe, imenyooka kana kwamba imepigwa rula, na anayeifuata kwa macho huanza kutambua ukubwa wa mashamba ya zamani ambayo ramani ya simu haiyaonyeshi tena. Mwanzoni mwa karne iliyopita Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, peke yake alipewa eka 100,000 katika upande huu wa Njoro, na mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Takwimu ya eka ni rahisi kuisoma ukiwa umeketi. Ukiwa unatembea, mstari wa tatu wa miti unakuja, halafu wa nne, na bado hujatoka.

Baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi, tukiwa tumesimama mara mbili kwa sababu ya salamu, paa la kasri lilichomoza juu ya miti. Tulilipa kiingilio langoni kama wageni wengine, jambo ambalo shangazi alilikubali kwa shingo upande.

Lodi Maurice Egerton, aliyelijenga, alizaliwa Uingereza mwaka 1874, akawa miongoni mwa marubani wa kwanza wa nchi yake, na cheti chake cha urubani cha mwaka 1910 kilikuwa nambari 11. Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938, ukakatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ukakamilika mwaka 1954. Lina vyumba 52, chumba cha kusafishia picha, na ukumbi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Alifariki mwaka 1958, bila mke wala mtoto.

Hadithi inayosimuliwa kwa kila mgeni ni kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza kuwa ndogo, na kwamba alipokataliwa mara ya pili aliwachukia wanawake wote na kuwapiga marufuku katika ardhi yake. Kwamba hakuwataka wanawake karibu naye, sina shaka. Hiyo ya mchumba inanipa tabu nikihesabu miaka: jiwe la kwanza lilipowekwa alikuwa na umri wa miaka 64, na jengo lilipokamilika alikuwa na 80. Huenda mzee alitaka nyumba kubwa tu. Shangazi alisikiliza hesabu zangu akiwa ameketi kwenye ngazi za mbele, leso imekunjwa magotini, akimenya ndizi aliyotoka nayo nyumbani, kisha akaniambia, "Mama, hata kama ningechumbiwa mimi, nani angefagia vyumba hamsini na viwili?"

Sehemu kutoka kasri kuelekea Njoro ndiyo iliyotuchosha. Zamani, kwa maelezo yake, kijia kilikwenda moja kwa moja, na wanawake waliobeba kuni na watoto wa shule walikipita bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa mashamba yamegawanywa ploti za futi hamsini kwa mia, na mahali pawili tulikuta seng'enge mpya zimekatiza kijia hicho, pamoja na nguzo ambazo bado zilinuka dawa ya mbao. Mahali pa kwanza kijana mmoja aliyekuwa akimwagilia sukuma wiki alituinulia waya tukapita tumeinama. Mahali pa pili hapakuwa na mtu ila mbwa, nasi tulizunguka karibu nusu saa kando ya shamba la ngano lililobaki mabua matupu. Simlaumu aliyenunua ploti yake kwa jasho na kutaka kuizungushia ua. Ila Lodi Egerton alikuwa mmoja, na lango lake lilijulikana lilipo. Hawa ni mia, na kila mmoja anaziba hatua ishirini.

Tuliingia Njoro saa sita kasoro. Upande wa pili wa mji ndiko iliko ile shule ya kilimo aliyoianzisha Egerton mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu, ambayo tangu mwaka 1987 ni chuo kikuu, na wanafunzi wake ndio waliokuwa wamejaa hotelini tulikoingia kunywa chai. Shangazi aliagiza mandazi manne, akaweka leso yake mezani na kuanza kuichambua vishona nguo, vile vijimbegu vya magugu vinavyong'ang'ania nguo, kimoja kimoja, akivipanga kando ya sahani. Alipofika thelathini aliacha kuhesabu, akaniuliza kama raba zangu zingeweza kurudi kwa njia ileile, maana nauli alikuwa amekwisha kuinunulia vitunguu.