Kansas 1855: wapiga kura 2,905, kura 6,307

Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu karibu watumwa milioni 4 nchini Marekani. Kansas, eneo ambalo watu walikuwa wamekwisha kuuana kwa ajili yake, lilikuwa na 2. Anayedhani ugomvi ule ulihusu nani alime nini Kansas atapotea njia mapema. Ugomvi ulikuwa wa viti bungeni.

Viti vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa idadi ya watu. Katiba iliipa Kusini, yaani majimbo yenye utumwa, nyongeza kwa kuhesabu kila watumwa 5 kama watu 3 (watumwa wenyewe hawakupiga kura, bila shaka), lakini hata kwa nyongeza hiyo Kaskazini iliipita kwa watu, na pengo likazidi kupanuka. Seneti haina habari na idadi: kila jimbo, kubwa au dogo, lina maseneta 2. Mwaka 1819 majimbo yalikuwa 11 yenye utumwa kwa 11 yasiyo nao, na kwa ulingano huo Kusini iliweza kuzuia muswada wowote wa kuugusa utumwa. Kwa hiyo Missouri ilipoomba kuwa jimbo, nchi nzima ilishikana mashati. Mwafaka wa 1820 uliiingiza Missouri ikiwa na utumwa na Maine bila utumwa, kisha ukachora mstari kwenye latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30: katika ardhi iliyonunuliwa kwa Wafaransa, kaskazini ya mstari huo utumwa marufuku, isipokuwa Missouri yenyewe.

Mstari ulihusu ardhi ile tu. Vita vya 1846 hadi 1848 vilipoiletea Marekani ardhi ya Mexico, swali likarudi upya. Pendekezo la Mbunge David Wilmot la kuukataza utumwa huko lilipita kwa Wawakilishi likafia Seneti, na sasa unajua kwa nini. Mwaka 1850 California iliingia bila utumwa, ikawa 16 kwa 15. Kusini ililipwa kwa sheria kali ya kuwarudisha watumwa waliotoroka: mtuhumiwa hana haki ya kujitetea kwa ushahidi wake, hakuna baraza la wazee wa mahakama, na kamishna anayesikiliza shauri analipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Watetezi wake walisema tofauti hiyo ni fidia ya makaratasi. Kaskazini hawakulinunua hilo, na ni vigumu kuwalaumu.

Kisha akaja Seneta Stephen Douglas wa Illinois. Alitaka ardhi ya magharibi ipangwe ili reli ipite, na bila kura za Kusini asingefika popote. Sheria yake ya Mei 1854 iliunda maeneo mawili (yaani ardhi ambayo bado si jimbo), Kansas na Nebraska, ikaufuta mstari wa 1820, ikawaachia wakazi waamue wenyewe kuhusu utumwa. Ilipita kwa Wawakilishi kwa kura 113 dhidi ya 100. Wademokrati wa Kaskazini, chama chake Douglas, waligawanyika karibu nusu kwa nusu, chama pinzani cha Whig kikasambaratika, na wapinzani wa sheria hiyo wakaunda chama cha Republican.

Wazo la wakazi kuamua linavutia mpaka uisome sheria yenyewe. Katika uchaguzi wa kwanza mpiga kura alitakiwa awe mwanamume mweupe huru, aliyezidi miaka 21, mkazi halisi. Mkazi wa muda gani? Sheria haikusema. Aliyevuka mpaka asubuhi ile angeweza kuapa kwamba ana nia ya kukaa, na nia haipimwi. Wala haikusema uamuzi ufanyike lini. Kaskazini walielewa kwamba bunge la eneo linaweza kuupiga utumwa marufuku tangu mwanzo. Kusini walishika kwamba hakuna wa kuugusa mpaka eneo litunge katiba ya kuwa jimbo. Tofauti hiyo ni nzito, kwa sababu utumwa ukishaota mizizi miaka kadhaa, kura ya mwisho inakuwa ya kubariki tu.

Tarehe 30 Machi 1855 Kansas ilichagua bunge lake. Hesabu ya watu iliyotangulia ilikuta wapiga kura 2,905. Zilipigwa kura 6,307. Watu walimiminika kutoka jimbo jirani la Missouri na bunduki zao, David Atchison, seneta wa zamani wa huko, akiwa miongoni mwa wahamasishaji wao. Uchunguzi wa baadaye wa wabunge wa Washington ulikuta kura zaidi ya 4,900 si halali. Gavana Andrew Reeder alifuta matokeo ya sehemu chache zilizowasilisha malalamiko, uchaguzi ukarudiwa huko, na bunge lilipokutana likawatimua washindi wa marudio. Kisha likatunga sheria ya kumfunga kwa kazi ngumu, si chini ya miaka 2, yeyote atakayesema au kuchapisha kwamba hakuna haki ya kumiliki watumwa Kansas.

Wapinzani wa utumwa waliunda serikali yao Topeka, humo humo Kansas. Wasitukuzwe kupita kiasi: wapiga kura wao waliidhinisha pia kuwazuia watu weusi huru wasiingie Kansas. Wengi walitaka ardhi isiyo na mtumwa wala Mweusi. Mei 1856 mji wa Lawrence, ngome ya wapinzani hao, ulivamiwa, na siku chache baadaye mpinga utumwa John Brown na wenzake wakawaua wanaume 5 huko Pottawatomie.

Ndiyo maana watumwa hawakuwa wengi. Mwenye watumwa aliweka sehemu kubwa ya mtaji wake ndani yao, na mtaji haupelekwi mahali ambapo sheria inaweza kugeuka kesho.

Machi 1857 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dred Scott, ilisema Bunge la Washington halina mamlaka ya kuukataza utumwa katika maeneo. Kama Bunge haliwezi, bunge la eneo lililoundwa nalo litawezaje? Mwaka uliofuata, huko Freeport, Douglas alijibu kwamba bila kanuni za wenyeji za kuulinda, utumwa haudumu. Jibu la akili, lakini lilimharibia Kusini: Aprili 1860 wajumbe wa huko walitaka utumwa ulindwe kwa sheria ya shirikisho, wakanyimwa, wakatoka kwenye mkutano wa Wademokrati huko Charleston. Chama kikapasuka, na Abraham Lincoln wa Republican akashinda urais kwa kura 180 kati ya 303 za wajumbe wa uchaguzi, ingawa hakufikia asilimia 40 ya kura za wananchi.

Seneta John Crittenden alipendekeza kuurudisha mstari wa 1820 mpaka Pasifiki, katika ardhi iliyopo na itakayopatikana baadaye. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyowatisha Warepublican, kwani kulikuwa na watu wa Kusini walioitamani Cuba kwa miaka. Lincoln alikwisha waambia wenzake wasikubali kamwe utumwa uenee. Tarehe 2 Machi 1861 Seneti ililikataa pendekezo hilo kwa kura 20 dhidi ya 19, wakati majimbo 7 yalikuwa yameshajitenga.