Tufaili pamoja? Subiri kwanza, Baba Nuru

Bongo nilifanya kazi miaka saba bila kujaza fomu ya kodi hata siku moja. Mwajiri anakata PAYE, unabaki na chako, basi. Hapa Minnesota kila Februari meza ya jikoni inageuka ofisi: upande huu W-2 yangu ya uuguzi, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi aliyokata, upande ule boksi la viatu lililojaa risiti za dizeli za Baba Nuru, nyingine wino umefutika hata tarehe huioni.

Yeye anaendesha lori kwa kujitegemea, analipwa kwa 1099, karatasi ya malipo ya asiyeajiriwa. Hakuna anayemkata kodi, anatakiwa ajitengee mwenyewe. Mwaka 2024 hakutenga hata senti.

"Tufaili pamoja, Mama Nuru. Sisi si mwili mmoja?"

Yaani tujaze fomu moja ya kodi, mapato yetu wote wawili ndani. Nikapiga hesabu mara mbili. Kiasi kisichotozwa kodi mwaka huo kilikuwa dola 29,200 kwa wanaofaili pamoja, na 14,600 kwa kila mmoja mkijaza kila mtu fomu yake. Nusu kwa nusu, hapo hakuna faida. Tofauti ilijificha kwingine: mnaishi nyumba moja halafu mnafaili mbalimbali, mnakosa nafuu ya malipo ya kulelewa mtoto na ile ya riba ya mkopo wangu wa chuo. Kwetu ilifika kama dola 900. Ziliniuma.

Ila sahihi ndiyo iliyonitisha zaidi. Mkisaini fomu moja, deni lote ni la kila mmoja wenu, hata mkija kuachana. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakizikataa zile risiti zilizofutika, kodi yake inapanda, na mshahara wangu nao umo hatarini. Ipo fomu 8857 ya kuomba usibebeshwe deni la mwenzio, lakini uonyeshe kwamba hukujua. Boksi nimelishika kwa mikono yangu, nitasema sikujua?

(Shoga yangu anasema maafisa uhamiaji hupenda kuona wanandoa wamefaili pamoja. Kweli, ni ushahidi mzuri wa ndoa. Sisi tuliingia kwa bahati nasibu ya green card, makaratasi tunayo.)

Kilichoniamulia ni hiki: ukianza mbalimbali, una miaka 3 ya kubadilisha muwe pamoja, kwa fomu ya marekebisho, 1040-X. Ukianza pamoja, Aprili 15 ikishapita huwezi kurudi nyuma.

Nikafaili peke yangu. Baba Nuru akala ugali wake kimya siku mbili.

Jumamosi iliyopita nimemkuta sebuleni anapiga picha risiti moja moja kwa simu, miwani imemshuka puani.

"Hii ya Iowa inasomeka?"

Nikamwambia aisogeze dirishani.