Kizibo hakikudondoka

Leo wahudumu wa afya walikuja shuleni kwetu kupima masikio ya watoto wa darasa la kwanza na la pili.

Sikuwahi kuona wanavyofanya. Mtoto anavaa hedifoni, anapewa vizibo vya soda. Akisikia mlio, hata uwe mdogo kama wa mbu, anadondosha kizibo kimoja kwenye kopo. Mlio unazidi kuwa mwembamba: hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 1000, kisha 2000, kisha 4000. Sikio moja, halafu la pili.

(Tulifanyia stoo. Kwingine kote kelele za mpira.)

Sasa kuna mwanafunzi wangu mmoja. Mmeshanisikia hapa nikimlalamikia: ukimwita haitiki, ukimtuma daftari analeta chaki. Tangu Januari namwita mkaidi.

Sikio la kulia, kimya.

Kizibo kiko mkononi, macho yake yako usoni kwangu. Anasubiri mimi nimwoneshe lini adondoshe.

La kushoto akasikia mlio mmoja tu.

Kumbe siku zote alikuwa ananisoma midomo. Nami nusu ya kipindi nafundisha nimegeukia ubao!

Huenda ni nta imeziba, huenda ni usaha wa muda mrefu. Wamemwandikia rufaa, daktari wa masikio ndiye atakayesema. Mama yake nimeshampigia, na dawati nimemhamishia mbele.

Ila kile kizibo mkononi bado nakiona.

Walimu wenzangu, yamewahi kuwakuta? Mtoto mlimwambiaje?