Ufukwe wa wifi, ufukwe wa mpwa wangu: kuchagua pa kupanda mawimbi Sri Lanka

Kila nikitaja Sri Lanka mbele ya watu wa nyumbani swali ni lilelile, eti ufukwe gani ndio mzuri wa kupanda mawimbi kwa ubao. Mi huwa siwezi kulijibu hivohivo, lazima niulize kwanza, unaenda mwezi gani na unaenda na nani, manake bila hayo mawili jina la ufukwe halikusaidii chochote.

Tuanze na mwezi. Sisi wa pwani jambo hili tumezaliwa nalo. Kusi ileile inayotupiga Malindi kuanzia mwezi wa tano hivi, ikishavuka ikweta inapinda na kuwafikia wenzetu wa Sri Lanka ikitokea kusini magharibi, basi upande wa Hikkaduwa, Galle na Weligama unachafuka, mvua juu, maji yamevurugika, mawimbi hayana mpango. Na wakati huohuo upande wa mashariki, Arugam Bay, umekingwa na kisiwa chenyewe, upepo unatoka bara kwenda baharini na uso wa wimbi unakaa safi. Kaskazi ikiingia mwezi wa kumi na moja mambo yanageuka, kusini kunatulia mpaka karibu mwezi wa nne. Sisi tulikwenda Januari, kwa hivyo kusini, na hata hatukujadiliana.

Alafu nani. Tulikuwa watatu, mimi, wifi yangu na mwanawe. Wifi kajifunza kuogelea utu uzima hapa Muscat, kwenye bwawa, na lile vazi lake la stara, bahari yenye wimbi alikuwa hajaingia zaidi ya magotini. Mpwa wangu ndio kinyume kabisa, amekulia Malindi, na ghuba ya Malindi si kama pwani yetu nyingine ambako mwamba wa nje unakatakata mawimbi kabla hayajafika, pale kuna uwazi, na kusi ikishika mawimbi yanaingia mpaka mchangani, yeye na wenzake wamepanda vibao vya kila aina mle kwenye maji ya udongo wa Sabaki. Mimi nipo katikati, nasimama kwenye ubao, nageuka kidogo, na najua wapi nguvu zangu zinaishia. Sasa watu watatu namna hii utawapeleka ufukwe mmoja vipi?

Weligama ndipo tulipoanzia, na nitapatetea mbele ya yeyote anayesema pale ni pa watoto. Ni ghuba pana, chini mchanga, na kina kinaongezeka polepole, na hilo la kina ndio siri yenyewe. Wimbi huvunjika likikuta maji yamekuwa haba kulingana na urefu wake, wimbi la mita 1 linahitaji kina cha kama mita 1 na robo hivi, basi sakafu ikipanda taratibu wimbi nalo linalegea, linamwagika kutoka juu, linageuka povu na kuja kukusukuma kwa upole kabisa. Sakafu ikipanda ghafla, kama pale mwamba unaposimama wima kutoka kwenye maji marefu, wimbi linajikunja na kujitupa mbele lote kwa pamoja, na wewe umo ndani yake. Urefu unaweza kuwa uleule, wimbi sio lile.

Ndio maana siku hizi nikifika ufukwe mgeni swali langu la kwanza ni chini kuna nini, na mimi na mtu wangu tukianguka tutaangukia juu ya nini. Wifi pale Weligama alianguka na kuanguka, na kila akianguka anasimama kwa miguu yake, maji kiunoni, anacheka, anafunga mtandio wake vizuri, anarudi. Ubao wenyewe ni ule mrefu wa foamu, hata ukikupiga haukuumizi sana. Kitu kibaya cha pale ni msongamano, mbele ya shule za kufundishia watu wamejazana na mbao zinaruka kila upande, tembea kidogo ufukweni mpaka upate nafasi. Na mwalimu muangalie kabla ya kumlipa, mimi ninayemtaka ni yule anayemuuliza mgeni kama anajua kuogelea, anayeingia naye majini, na anayemfundisha kuushika ubao usimpige mwenziwe kabla hajamfundisha kusimama.

Mpwa wangu alivumilia Weligama kwa adabu, alafu akaanza. Shangazi, hapa hakuna kitu, twende huko Midigama. Bajaji kutoka Weligama ni mwendo mfupi tu, na Midigama kwa kweli ni darasa zima la kuchagua ufukwe, manake ndani ya mwendo wa kutembea kwa miguu una mawimbi yasiyofanana hata kidogo. Kuna Lazy Left na Lazy Right, chini ni mwamba lakini maji yana kina cha kutosha na wimbi linakwenda pole, linakupa muda wa kufikiri, ukishatoka kwenye mchanga hapo ndipo. Na pembeni kidogo kuna Ram's. Ram's ni mwamba ulio karibu sana na uso wa maji, wimbi linakunjwa kama mkeka, na waliokuwa mle siku ile walikuwa watu wazoefu wasiozidi mkono mmoja. Macho ya kijana yakaganda hapohapo.

Nikamwambia tukae. Tulikaa juu ya ukuta mdogo pale chini ya minazi kama nusu saa, yeye amenuna, mimi namuuliza maswali. Mawimbi yanakuja kwa makundi, kundi moja lina mangapi? Kati ya kundi na kundi kuna utulivu wa muda gani? Wanaingilia wapi, na wanatokea wapi? Yule aliyeanguka, ubao umemfuata au umekatika kamba, na amesimama au amelala kifudifudi juu ya maji? Hilo la mwisho alikuwa hajaligundua, kwamba wazoefu wa mwamba wakianguka wanajilaza bapa, hawatii mguu chini, kwa sababu chini kuna matumbawe na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi anaowajua vizuri tangu nyumbani. Malindi yeye akianguka anazama kwa raha zake, mchanga unampokea. Nguvu anazo, pumzi anayo, mkondo anausoma kuliko mimi, lakini mwili wake umefundishwa na sakafu nyingine kabisa.

Akaniambia, lakini shangazi maji hapa hayapwi wala hayajai, si rahisi zaidi? Na kweli, kwetu bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, huko haifiki mita 1. Ila juu ya mwamba kama ule nusu mita ni kitu kikubwa, ndiyo inayoamua kama chini yako kuna maji au kuna jiwe.

Siku ile aliingia Lazy Right, kwa hasira, na mamake alibaki ukutani ana tasbihi mkononi. Alipotoka hasira haikuwepo. Baadaye tukampeleka Kabalana, upande wa Ahangama, ambako kuna sehemu ya mchanga na kuna wimbi la pale mwambani wanapopaita The Rock linalofunguka kulia na kushoto, alikaa pembeni kwanza akaheshimu foleni, manake sheria ni ileile dunia nzima, aliye karibu zaidi na pale wimbi linapovunjikia ndiye mwenye haki. Wenyeji walimwona ana subira wakaanza kumuitia mawimbi. Mimi nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi, na sioni haya kusema.

Kuna siku tulipanda treni kwenda Hikkaduwa, reli inafuata bahari karibu kabisa. Ukipita Hikkaduwa kidogo, reli hiyohiyo inafika Peraliya, pale ambapo tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliikuta treni imejaa watu na zaidi ya 1,000 wakafa, kuna kumbukumbu yao. Siku ileile maji yale yalifika mpaka Somalia na pwani yetu. Wifi aliposikia hayo alinyamaza, na tulipofika Hikkaduwa akasema leo siingii. Sikumbembeleza. Tulikwenda kuangalia kasa ufukweni, kijana akatuambia main reef, lile wimbi la mwambani la pale, inafaa lakini leo atakaa na sisi. Moyo wa mtu nao ni hali ya bahari, mtu mwenye hofu akiingia majini misuli inakaza, anapumua juujuu, hata wimbi dogo linamchosha. Siku mtu anayosema hapana, ufukwe wake ni mchangani, kunywa maji ya dafu, basi.

Na utabiri jamani, msiangalie mita peke yake. Kwenye app kuna namba nyingine ya sekunde, muda kati ya wimbi na wimbi. Mita 1 kwa sekunde 7 ni upepo wa karibu tu, unasukumasukuma. Mita 1 kwa sekunde 14 imetoka mbali sana, kwenye dhoruba za bahari ya kusini, imebeba nguvu nyingi na ikifika kwenye mwamba inasimama juu kuliko ulivyotegemea. Asubuhi moja namba hiyo ilipopanda tulibaki Weligama sote watatu, na hata Weligama wimbi lilikuwa la kijana siku hiyo, mimi na wifi tukacheza kwenye povu.

Inshallah mwezi wa nane tunakwenda upande wa mashariki. Arugam Bay iko jirani na Pottuvil, mji wa Waislamu wenzetu kwa sehemu kubwa, wifi hilo limemkaa moyoni kuliko mawimbi yenyewe. Tumeshapanga, yeye ataanza Baby Point, ndani ya ghuba, mwili ukishazoea tutampeleka Whiskey Point. Ufukwe wa Peanut Farm tutakwenda asubuhi na kurudi kabla ya giza, manake barabara za huko tembo wanavuka. Kijana anataka Main Point, wimbi refu linalokwenda kulia juu ya mwamba na foleni yake ni kubwa. Safari hii ameniambia mwenyewe kwamba siku ya kwanza ubao hautoki kwenye mfuko mpaka tumekaa tukaangalia, na amemuomba mamake akae naye kuhesabu makundi.