Tulivyohama Alhamisi

Ninafundisha fizikia sekondari, na ni katibu wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Morogoro. Tuko wanachama 24.

Zamani tulikagua marejesho ya mikopo kila baada ya miezi mitatu. Niliandika kila kitu, ila daftari lilikaa kabatini mpaka siku ya ukaguzi. Mwaka juzi tukakuta watu 7 wamechelewa. Tukaogopa, tukafunga mikopo yote kwa miezi miwili. Fedha zikalala kwenye sanduku la kufuli tatu huku msimu wa mpunga umeanza na watu wanatafuta hela ya mbegu. Tulipofungua, kila mmoja akakopa kwa pupa akihofia tutafunga tena. Ukaguzi uliofuata, waliochelewa wakawa 9.

Nikakumbuka pasi ya umeme. Ndani yake mna utepe wa metali mbili zilizoshikana, na moja hutanuka kuliko nyingine. Pasi ikizidi moto utepe hupinda, umeme unakatika. Ikipoa unanyooka, umeme unarudi. Sasa utoe utepe huo uuweke chumba cha pili: nguo itaungua nao bado haujui. Daftari langu la kabatini lilikuwa hivyo.

Siku hizi nasoma marejesho kila kikao, kabla ya kununua hisa. Aliyechelewa hatumuulizi kwa nini hajalipa, tunamuuliza amekwama wapi. (Marejesho na mrejesho ni ndugu, na sisi tulikuwa tunadai kimoja tu.) Mama mmoja muuza vitumbua akasema, "Mwalimu, mnatudai Alhamisi, gulio ni Jumamosi. Alhamisi hela yangu yote iko kwenye mchele na mafuta." Muda wote huo tulikuwa tunamtoza faini! Iliniuma sana. Tukahamishia kikao Jumatatu.

Presha yangu nayo nilikuwa naipima nikienda kliniki tu. Sasa naipima nyumbani kila asubuhi kabla ya chai, naandika. Nilipoanza dawa, siku ya tatu namba hazijashuka, nikataka kuziacha. Daktari akanieleza kwamba dawa ninayotumia huchukua wiki moja hadi mbili kufanya kazi kikamilifu. Kwa hiyo napima kila siku, lakini uamuzi unasubiri kliniki.

Jumatatu iliyopita wawili walichelewa, na mwenyekiti akataka tupandishe faini hapo hapo. Nikamwomba tusubiri vikao vinne. Amekubali, na tarehe nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari.