Ijumaa ya tarehe tano kwenye kaunta: siku moja maishani mwangu

Mimi ni keshia katika klabu moja ya madansa hapa Nakuru, mtaa wa nyuma ya Kenyatta Avenue. Sichezi, wala hakuna aliyewahi kuniomba. Napokea hela tu, na anayepokea hela usiku hujua mengi kuhusu watu ambao mchana huitwa waheshimiwa.

Saa nane mchana. Naamka nyumbani, mtaa wa Free Area. Chai, mkate, nguo za mtoto za kufua. Hakuna la kusimulia.

Saa kumi na moja jioni. Tunahesabu stoo na meneja, halafu nachanganya "wine" ya madansa: sharubati ya zambarau na maji ya soda. Mteja akimnunulia dansa glasi, analipa bei ya wine na dansa anapata shilingi 150 za kamisheni. Kuna wanaosema huo ni wizi. Mimi nasema mtu anayecheza juu ya viatu virefu mpaka saa tisa usiku, akinywa kila anachonunuliwa, atatolewa hapa amebebwa. Mteja aliyekomaa anajua kilichomo kwenye ile glasi na hana neno.

Saa moja usiku. Wasichana wanaingia, na leo hakuna stori nyingi. Kwenye ploti, zile nyumba za kupanga za mitaa ya Rhonda na Kaptembwa, tarehe tano ndiyo mwisho wa kodi. Tangu Nakuru ipewe hati ya jiji Desemba 2021, sijamsikia mwenye nyumba akipandisha kodi bila kulitaja hilo jiji.

Madansa wetu hawana mshahara. Kila mmoja anakatwa 300 kwa usiku ili apande jukwaani, na akichelewa kuna faini ya 200 juu yake. Kabla muziki haujaanza, tayari anadaiwa. Kwa hivyo mkitaka kuzungumzia dhamiri ya wateja nami nitazungumza, lakini mdosi wangu, mwenye klabu, asikae pembeni kama mgeni.

Kuna mmoja nitamwita Kipepeo. Leo amechelewa dakika kumi. Mwenye nyumba alikuwa amemsimamia mlangoni, kufuli mkononi.

Saa tatu. Wateja wanajaa. Mwezi ukiwa kona, watu wameishiwa hela, huwa tunawaangalia mainzi tu. Leo mishahara imeingia. Ndiyo maana tarehe hizi huwa na utata wake: mteja ana hela kuliko siku zote na dansa hana kabisa, na wapo wateja wanaoifuata hiyo kalenda kuliko hata shailoki, yule mkopeshaji wa riba.

Wengi hawana shida. Wanakunywa, wanatunza, wanaenda. Kuna dereva mmoja wa lori, hulala Salgaa wanakoegesha malori, ambaye hukunja noti ya mia tano, huiweka ukingoni mwa jukwaa na kurudi kwenye kiti chake. Hajawahi kuuliza jina la mtu. Siku moja msichana alimpa ile hadithi ya mtoto mwenye malaria (mtoto huyo, jamani, ameugua meza tatu kwa wiki moja). Akatoa elfu moja, akamtakia mtoto nafuu, akamaliza soda yake. Hakuomba namba ya simu. Kama aliamini au hakuamini, ni yeye na Mungu wake.

Saa nne na nusu. Vurugu. Kijana wa meza ya mbele amemtumia Kipepeo elfu moja kwa M-Pesa, na Kipepeo anasema hana kitu kwenye simu. Kijana anapiga meza: mwizi! Wananiletea mimi kesi. Naangalia simu: hela iliingia, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojilipa wenyewe hela ikiingia, ikaimeza yote papo hapo, kwa sababu alikopa wiki iliyopita kununua gesi. Kijana hataki kuelewa. Anasoma ujumbe kwenye simu yake na kulitamka jina la kitambulisho, lote, juu ya muziki. "Kumbe wewe ni nani?" Meza tatu zikageuka.

Yule msichana ana mama yake huko Bahati anayeamini anafanya kazi hotelini. Hiyo elfu moja haikumfikia, lakini jina lake limefika kwa watu asiowajua, na namba yake itapigwa kesho saa nne asubuhi. Wengine hutuma, kisha kukipambazuka wanaandikia 456, namba ya Safaricom ya kurudishiwa hela, kwamba walikosea namba. Tili ya klabu, namba yake ya kulipiwa kwa M-Pesa, ingeficha jina, ila klabu inakata asilimia yake. Ndiyo maana wasichana wanapenda noti.

Saa sita usiku. Mzee wa kona. Wasichana wanamwita Mwalimu, kwa sababu ya maswali. Haulizi unakunywa nini; anauliza, "Kodi umelipa, mama?" Anauliza kwa upole, mkono kwenye kidevu, na msichana aliyeshindwa na dunia siku hiyo humweleza ukweli. Leo ni Kipepeo. Baadaye mzee anakuja kaunta.

"Madam, huyu msichana anadaiwa ngapi hasa?"

"Mzee, mimi nauza vinywaji. Madeni ya watu hayako kwenye menyu."

"Lakini si nataka kumsaidia? Nitalipa yote. Yeye anisindikize tu."

Katikati ya mwezi uliopita alimwomba kitu hicho hicho, Kipepeo akacheka, akakataa, wakaagana vizuri. Tangu siku ile mzee hajapendeza zaidi. Kilichobadilika ni tarehe. Kama kweli ni msaada, kwa nini haukuletwa siku ambayo msichana angeweza kusema hapana? Nilimwambia hivyo. Akasema nina mdomo.

Nikamvuta Kipepeo kando karibu na friji. Akaniangalia. "Aunty, wewe ndiwe utanilipia nyumba?"

Swali lake ni halali, na sikuwa na jibu. Ni mtu mzima, akiamua ameamua, sitamhukumu. Nilikuwa na ugomvi na mzee, siyo naye. Sheria ya pombe ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa sababu John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeipeleka bungeni, ilipanga saa za kufungua na kufunga. Jinsi ya kumtendea mtu aliyebanwa imeachiwa kila mteja na roho yake.

Kipepeo akarudi mezani, na sikujua amepanga nini mpaka oda zilipoanza kuja. Wine. Wine tena. Alimkalisha mzee, akamsikiliza habari za shamba la Njoro, akamnywea glasi sita za sharubati, kisha akamwambia usiku mwema.

Saa tisa usiku. Taa zinawashwa. Mzee ananijia amekasirika kwamba msichana ni mlaghai, anafika mlangoni, anarudi kudai risiti. Nikampa. Wine, glasi sita.

Saa tisa na nusu. Hesabu ya Kipepeo: kamisheni 900, noti za jukwaani 1,300. Toa 300 za klabu, inabaki 1,900. Kodi ni 4,500. Anaikunja ile 1,900 na kuitia ndani ya soksi, kwa sababu akiiweka kwenye simu tu, imeenda.

Hapo ndipo meneja akakumbuka zile dakika kumi za jioni na ile faini ya 200. Nikamuuliza kama ana haya. Akasema si yeye, ni mdosi, tutaliongea Jumatatu. Jumatatu mwenye nyumba atakuwa ashafunga.